Huku Naitwa Mama Shasha

Swali la kwanza nililoulizwa na jirani yangu wa ghorofa ya tano halikuwa jina langu. Aliniuliza nimezaliwa mwaka wa mnyama gani.

Ilikuwa Machi 2015, msimu ambao Guangzhou, huku kusini mwa China, hupata unyevu ambao sijauona Tanga hata masika yakikolea. Wenyeji wanauita huinantian. Upepo wa kusini unaingia na mvuke wa bahari, unazikuta nyumba bado zimeshika baridi ya Januari, basi kuta zinatoka jasho, vioo vinalia, sakafu inalowa bila mtu kumwaga hata tone. Nguo unaanika Jumatatu, unaianua Ijumaa bado mbichi na inanuka uvundo. Jengo letu ni la zamani, ghorofa nane bila lifti, na siku hiyo ngazi zilikuwa zinateleza kama zimepakwa sabuni. Nilikuwa napanda kwetu ghorofa ya saba na mfuko wa mchele wa kilo kumi begani. Kufika ya tano pumzi zikaniishia, nikakaa palepale kwenye ngazi.

Mlango ukafunguka. Akatoka mama mfupi, nywele za mvi zimekatwa usawa wa masikio, kandambili miguuni. Akanitazama, akautazama mchele, akaniuliza mnyama wangu, maana kwa kalenda ya huku kila mwaka una mnyama wake.

Nikamwambia nimezaliwa 1986. "Chui milia," akasema. Na mama yako je? 1947. Akakunja vidole akihesabu. "Nguruwe. Mimi ni 1949, ng'ombe. Mama yako amenitangulia miaka miwili. Basi niite Ayi." Akashika upande mmoja wa mfuko, na nilivyomsihi auache hakusikia, tukapanda naye mpaka juu. (Mama yangu ni mtu wa swala tano. Mpaka leo sijamwambia kalenda ya huku imempangia mnyama gani.)

Usiku ule nililala nikilifikiria lile neno. Nilikuwa na mwaka mmoja China, nimekuja 2014 kwa ufadhili wa masomo, na darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba ayi ni neno la heshima kwa mwanamke wa umri wa mama yako. Hapo ndipo tulipoishia. Vitabu vyetu vilikuwa na maelezo ya Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja tu kwa kaka zote za baba na za mama, na neno moja kwa dada zao wote. Wenzangu waliotoka Ulaya walikuwa wanalia na sura ile ya kitabu: kwa nini majina yote haya kwa mtu yuleyule? Mimi nikaifungua upya na kuanza kuandika Kiswahili pembeni. Shushu, mdogo wake baba: baba mdogo. Bobo, kaka yake baba: baba mkubwa. Jiujiu, kaka yake mama: mjomba. Gugu, dada yake baba: shangazi. Na ayi, mdogo wake mama: mama mdogo. Kila neno likakaa mahali pake kama ufunguo na kufuli. Baba na mama hata sikuandika kitu, kwa sababu kwa Kichina ni baba na mama.

Kumbe kule kwenye ngazi yule mama hakuwa mdadisi. Alikuwa anatafuta pa kuniweka. Bila kujua umri wangu na wa mama yangu asingeweza kujua nimwiteje, na mtu usiyejua akuiteje unaongea naye vipi? Kwetu tunafanya hivyohivyo, ila kwa kukadiria kwa macho: huyu shikamoo, huyu mambo, huyu dada, huyu bi mkubwa. Wao wanauliza waziwazi.

Tangu hapo nilianza kusikiliza majina mjini. Dereva wa teksi ni shifu, na shifu ni fundi hasa, mtu mwenye ujuzi mikononi. Unamwita hivyo dereva, fundi bomba na mshona viatu, kama tunavyosema "fundi" kwa kila anayeshika nyundo. Mwenye duka ni laoban, bosi, naye anakurudishia bosi hukohuko, sawa na Kariakoo. Lao yenyewe ni uzee wenye heshima. Mtu akiitwa Wang na umri umesogea anakuwa Lao Wang, yaani Mzee Wang. Na lao hiyohiyo imo kwenye laowai, jina la mgeni, ambalo ukilifungua ni kama "mzee wa nje". Wachina wengi watakuapia kwamba halina ubaya. Mimi nasema ubaya wake unategemea linakotoka. Akilisema muuza matunda huku anachagua embe zuri akupe, halina neno. Likitoka kwa vijana wawili kwenye treni ya chini ya ardhi, wanakutazama na kucheka, mmoja kashanyoosha simu kukupiga picha, linakuwa ukuta.

Mwaka wangu wa kwanza niligonga ukuta huo sana. Wanawake nisiowajua walinishika nywele bila kuniomba. Mtoto mmoja aliniuliza kwenye basi kama rangi yangu inatoka nikioga, na mama yake akageuka dirishani. Kuna siku nilipita vituo vinne nimeketi, kiti cha pembeni yangu kitupu na watu wengine wamesimama. Sikusahau, na sioni sababu ya kujifanya nimesahau.

Sokoni ndiko nilikopumua kwanza. Soko la mtaa wetu lipo mwendo wa dakika kumi kutoka kituo cha Xiaobei, na huko kila mwanamke mwenye umri wa kutembea anaitwa leng nui, ambalo kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa huku, ni binti mrembo. Wanamwita hivyo bibi wa miaka 80. Waliniita mimi vilevile, bila kusita. Jambo jingine lililonishangaza ni mboga. Mtu akitoka Afrika ya Mashariki anadhani atakula vitu asivyovijua mpaka achoke, kumbe mkoa huu wa Guangdong wanakula mchicha, wanakula matembele, bamia zipo, magimbi yapo, bilinganya ndefu zimejaa. Ni kisamvu tu nilichokikosa. Nilisimama mbele ya rundo la matembele nikawa kama nimeonana na ndugu. Somo la bei nilijifunza kwa hasara: bei iliyoandikwa pale si ya kilo, ni ya jin, na jin moja ni nusu kilo. Ukishanunua, muuzaji anachomeka majani mawili matatu ya vitunguu kwenye mfuko wako bila kuyapima. Nyongeza! Mteja asiyepewa nyongeza anajua kuna kitu hakijakaa sawa, na siku muuzaji wangu aliponichomekea ya kwanza nilipanda ngazi zote saba bila kupumzika.

Nilipomaliza masomo nikaolewa na kijana wa kwetu anayeshughulika na mizigo, nami nikaingia kwenye ukalimani. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokuja wiki mbili tatu, wanalala Xiaobei, asubuhi wanataka kwenda kwenye masoko ya nguo au ya saa, jioni wanataka ugali. Wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, yanayofanyika hapa kila majira ya machipuko na ya vuli tangu 1957, napata kazi mpaka miguu inavimba. Huko madukani jina letu ni pengyou, rafiki. "Pengyou, pengyou, njoo!" Ni rafiki yuleyule anayeitwa mtalii pale Forodhani, linafaa kuuzia. Sina ugomvi nalo, lakini halijawahi kunibebea mchele.

Ayi, yeye, alilichukua jina lake kama ajira.

Alinifokea. Nikishuka asubuhi na nywele zimelowa, alikuwa anafungua mlango: rudi ukazikaushe, utaumwa kichwa uzeeni. Akiniona na chupa ya maji baridi ananinyang'anya, ananipa ya moto kutoka kwenye chupa yake ya chai. Kitu cha moto kwao ni dawa na ni adabu pia. Nikikohoa alikuwa ananishikia mkono mpaka kwenye kibanda cha kona kinachouza chai za mitishamba, ananinunulia ile nyeusi inayoitwa ladha ishirini na nne. Nilipoinywa mara ya kwanza machozi yalinitoka, nikamwambia kwetu kuna mti tunauita mwarobaini, unatibu maradhi arobaini na uchungu wake ndio huu. Akauliza mara mbili: arobaini? Akakaa kimya. Nadhani aliona kumi na sita tumewazidi. Na salamu yake kila siku ilikuwa moja, ile ya Kikantoni ya wazee: umeshakula? Mwanzoni nilikuwa namjibu kwa kirefu, nimekula nini na saa ngapi, mpaka nilipoelewa kwamba ni salamu kama "habari za asubuhi". Lakini kwa Ayi haikuwa salamu tupu. Ukimjibu bado, hupiti.

Mwaka 2017 nikashika mimba.

Mama yangu alikuwa na miaka 70, na kumpandisha ndege tatu mpaka Guangzhou lilikuwa jambo lisilowezekana. Nilijifungua Novemba, mtoto wa kike, tukamwita Salma. Siku niliyorudi nyumbani nikamkuta Ayi ameshasimama mlangoni kwetu na orodha kichwani. Huku mzazi hukaa ndani mwezi mzima, wanaita zuo yuezi, kukalia mwezi. Haguswi na maji baridi, hapigwi na upepo, kichwa kinafunikwa, miguu inavaa soksi hata kama ni joto. Nilipompigia mama kwa video kumwonyesha mtoto, kabla hata hajamaliza kumtazama mjukuu akaanza: unakandwa? Nani anakukanda? Maji yawe ya moto, tumbo ulifunge mkaja, uji uwe na pilipili manga, usiguse kitu cha baridi, utapata chango.

Ayi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Anasema nini?"

Nikamtafsiria. Akaisogeza simu karibu na uso wake, akampigia mama yangu kelele kwa Kikantoni, kwa furaha: ndiyo, ndiyo, maji ya moto! Mama naye akajibu kwa Kiswahili cha Tanga: mwambie Mungu ambariki, na kichwa akifunike! Nikakaa katikati yao na titi nje na mtoto analia, natafsiri, ingawa mwisho niliacha kutafsiri kwa sababu walikuwa wanasema maneno yaleyale.

Walipishana kitu kimoja tu. Ayi alisema siku 30. Mama alisema arobaini, na arobaini haina mjadala. Nikadhani huo ndio mwisho wa urafiki. Ayi akafikiri, akaniambia: mama yako ndiye mkubwa, amenitangulia miaka miwili. Tutakwenda siku 40. Na kweli, kwa siku 40 alishuka na kupanda zile ngazi mbili asubuhi na jioni. Alinikanda kwa maji yaliyochemshwa na tangawizi, alinipikia supu ya samaki na papai bichi ili maziwa yatoke.

Sasa nifike kwenye chungu.

Guangdong, chakula cha mzazi ambacho hakikosekani ni tangawizi na siki. Wanachukua tangawizi iliyokomaa, wanaiparua maganda, wanaikausha kwenye kikaango bila mafuta, kisha wanaichemsha taratibu sana kwenye siki nyeusi tamu, na ndani wanatia mayai ya kuchemsha yaliyomenywa na miguu ya nguruwe. Chungu hicho hakipikwi kwa ajili ya mzazi peke yake. Bakuli zinapelekwa kwa ndugu na majirani, na anayepokea bakuli ameshajua kwamba nyumba ile imepata mtoto. Mimi ni Mwislamu, na Ayi alikuwa ameshajua siku nyingi kwamba nguruwe sili. Sikujua kwamba alikuwa anajua zaidi ya hapo.

Siku ya nne au ya tano akaja na chungu kipya cha udongo, bado kina karatasi ya dukani. Alikuwa amekwenda kwenye mgahawa wa tambi za kuvuta pale chini, unaoendeshwa na Waislamu kutoka Qinghai, akamuuliza mwenye mgahawa: jirani yangu ni wa dini yenu, nikimtolea nyama na kubakisha mayai inatosha? Yule bwana akamwambia haitoshi, chungu chenyewe kisiwe kimepikiwa nguruwe, wala upawa, wala ubao wa kukatia. Basi akanunua chungu, akanunua upawa, akanunua ubao. Akapika jikoni kwangu kisichanganyike na vyombo vyake. Nyumba nzima ilinuka siki, macho yakawa yanawasha, na Ayi ameketi kwenye kigoda anaparua tangawizi kwa kijiko, kipande baada ya kipande. Niliingia chumbani nikalia, kwa namna ambayo mzazi hulia siku zile na zaidi ya hapo.

Alipeleka bakuli milango yote ya ngazi yetu, ghorofa nane. Mayai na tangawizi, bila mguu wa nguruwe hata mmoja. Watu ambao kwa miaka miwili walikuwa wanatutaja kama "wale weusi wa juu" wakaanza kugonga mlango, wameshika nguo za mtoto na bahasha nyekundu. Ni Ayi pia aliyempa mwanangu jina la huku. Salma lilimshinda ulimi, akamwita Shasha. Kwa Kikantoni jina hilohilo linatamkwa Sasa, kwa hiyo mwanangu Ayi humwita Sasa na mimi kila mara nasikia Kiswahili. Na kuanzia wiki ile jina langu la zamani likafutika ngazi nzima. Nikawa Shasha mama. Kwa Kichina mtoto anatangulia na mama anafuata, lakini ni Mama Shasha, ni desturi ileile ya kwetu. Niliondoka Tanga nikijua siku moja nitaitwa mama fulani. Sikujua kwamba wa kwanza kuniita hivyo angekuwa muuza samaki wa Kikantoni.

(Kwa atakayejifungulia huku: wazazi wote wawili wakiwa wageni, mtoto hapati uraia wa China. Hospitali inatoa hati ya kuzaliwa, halafu una siku 60 za kumwandikisha polisi. Shughulikia pasi yake mapema.)

Mtoto alipoanza kusema, neno lake la tatu baada ya baba na mama lilikuwa popo. Ndivyo bibi anavyoitwa na watoto wa Guangzhou: mimi namwita Ayi kwa sababu ni mdogo wa mama yangu, na Salma anamwita Popo kwa sababu hiyohiyo. Jioni moja yuko kwenye video na bibi yake, akasikia kandambili kwenye ngazi, akaitupa simu akapiga kelele: "Popo! Popo! Popo amekuja!" Mama yangu, ambaye ujana wake uliisha katika usimulizi wa Popobawa wa Pemba, akabadilika uso. "Mtoto anaona nini huko? Msomeeni!" Ilinichukua dakika nyingi kumtuliza, na hakutulia mpaka Ayi alipojitokeza kwenye kioo cha simu akimpungia mkono. "Ah," mama akasema, "ndiye huyu popo mwenyewe."

Yakaja ya 2020. Mwezi Aprili, Waafrika wengi wa jiji hili walitolewa kwenye nyumba za kupanga na hoteli kwa hofu ya korona, wengine wakalala nje. Mabalozi wa nchi za Afrika walioko Beijing walimwandikia barua Waziri wa Mambo ya Nje wa China. Sisi hatukutolewa. Tulipimwa tukaonekana wazima, na bado tukaamriwa kukaa ndani siku 14, ingawa tangu mwaka uanze hatukuwa tumetoka nje ya jiji. Majirani zetu Wachina hawakuamriwa. Nilishusha mfuko kwa kamba ya kuanikia nguo, nikaupenyeza kwenye nondo za dirisha la nyuma mpaka ghorofa ya tano, na Ayi akawa anaujaza: mboga, mayai, papai, siku moja mwanasesere. Alishuka pia kugombana na maofisa wa mtaa. Aliwaambia yule ni Shasha mama, namjua, hajaenda popote. Haikubadilisha kitu. Na tulipofunguliwa mlango, wawili kati ya waliokula yale mayai ya tangawizi walikuwa wakisikia miguu yetu wanarudi ndani wanasubiri tupite. Mmoja wao ameanza kunisalimia tena. Mwingine bado, na mimi naye tunapishana kimya.

Maisha yakaendelea. Salma akaanza chekechea Septemba 2021, mahali ambapo watoto hulala mchana kila mmoja na kitanda chake kidogo, na kundi la wazazi kwenye WeChat halina mtu mwenye jina lake mwenyewe: wote ni mama fulani na baba fulani. Nilijiona nipo kwenye kundi la harusi Tanga. Mwaka mpya wa Kichina ukifika nagawa bahasha nyekundu kama wote, kwa sababu huku aliyeolewa ndiye anayempa asiyeolewa, na Guangdong kiasi hakitishi, yuan tano, yuan kumi. Mlinzi wa geti anapewa, mfagiaji anapewa, watoto wa ngazi wanapanga foleni. Nikamweleza Ayi kwamba sisi tuna mkono wa Idi. Idi iliyofuata aligonga mlango asubuhi mapema, ameshika bahasha ya Salma. Ilikuwa nyekundu, akasema amezunguka maduka matatu kutafuta ya kijani.

Kilichomtoa Ayi kwenye jengo letu ni goti.

Guangzhou ina majengo mengi ya ngazi kama letu, na kwa miaka sasa serikali ya jiji inahimiza yawekewe lifti kwa nje. Ila lazima wenye nyumba wengi wakubaliane, na gharama hugawanywa kwa ghorofa: wa juu wanalipa zaidi, wa chini kidogo au hawalipi kabisa. Kwetu vilifanyika vikao vitatu. Wa ghorofa ya kwanza walisema lifti itawazibia mwanga na kushusha thamani ya nyumba zao. Wa ya nane walikuwa tayari kulipa kesho. Sisi wapangaji hatuna kura, nilikaa nyuma na kusikiliza watu walioishi pamoja miaka thelathini wakiitana majina ambayo sitayaandika. Siwezi kuwalaumu wa chini kwa kutaka mwanga. Lakini nilikuwa namwona Ayi akipanda kwa kushika ukuta, anahesabu ngazi kwa sauti, na nilitaka ile lifti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote nchini humu. Haikupita. Mwaka 2023 mwanawe akamchukua kwenda kukaa naye Foshan, kwenye jengo jipya.

Foshan si mbali, tunakwenda kwa treni ya chini ya ardhi bila hata kutoka juani, na Jumamosi nyingi mimi na Salma tupo huko. Mama alimtumia doti ya kanga yenye maneno "Nani kama mama". Nilitaka kuikata nimpindie, Ayi akakataa katakata kwamba kitu kizuri kije kwa jozi na kibaki jozi. Ameitandika kitandani nzimanzima. Siku alipohama aliniachia chungu, upawa na ubao.

Mwezi uliopita, binti wa ghorofa ya tatu, mwenyeji wa mkoa wa Hunan, alijifungua mtoto wa kiume. Mama yake yuko kijijini anauguza, na mama mkwe hakuweza kuja. Nilikutana naye kwenye ngazi siku ya pili tangu atoke hospitali, anashuka kutupa taka, kichwa wazi, miguu mitupu kwenye kandambili, Januari. Nikasikia sauti inatoka kinywani mwangu, kali, kwa Kikantoni ambacho hata yeye hakijui vizuri: rudi ndani!

Leo nimenunua jin nne za tangawizi. Nimeegemeza simu kwenye chupa ya chai, Ayi yuko kwenye kioo anasimamia, kila kijiko ninachoparua ana neno nacho. Usiipige kwa kisu, iparue. Ikaushe kwanza. Moto mdogo, mdogo zaidi. Binti alikuwa ameomba tutie na miguu ya nguruwe, nikamwambia chungu hiki hakiiingizi, Ayi akadakia mayai yanatosha. Siki imeanza kuchemka, Salma amefunga pua kwa kanga anakohoa na kucheka.

"Huyo binti ni mwaka gani?" Ayi akauliza.

Nikasema sijui, sijamuuliza.

Akaacha hata kunisimamia. "Na mama yake? Sasa unampelekea chakula cha uzazi, atakuitaje?"

Nikapunguza moto, nikamwachia Salma upawa, nikashuka kwenda kuuliza.